Tufundisheni Kabla ya Kutulipisha

Mvua kubwa ikishaupiga mji wetu wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kesho yake tunasikia maneno yale yale redioni: wananchi ni wakaidi, wananchi wanapenda uchafu, wananchi ndio wanaoziba mifereji. Saa hiyo mama yuko mlangoni kwake, maji yamemfika magotini, anatafuta sufuria zake. Wiki haijaisha, anakuja mtu mwenye kitabu cha risiti kumdai faini. Nasema wazi: huo ni uonevu. Mtu haadhibiwi kwa kuvunja kanuni ambayo hakusomewa, hakuelezwa, wala hakuandikiwa kwa lugha anayoota nayo usiku.

Na sisemi kwa huruma peke yake. Nasema kwa Katiba. Katiba ya nchi hii, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 142, inaagiza kwamba sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kutolewa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Kisha inaongeza jambo ambalo ningependa kila mkaazi wa mji huu alijue kwa moyo: kwa hali yoyote ile, Serikali inatakiwa kuisambaza sheria hiyo kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu Rais alipoitangaza. Lugha hizo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Serikali haikuombwa kufanya hivyo ikipata nafasi. Imeamriwa.

Sasa tuhesabu. Sheria ya mazingira, nambari 11/009, ilitangazwa tarehe 9 Julai 2011. Sheria ya maji, nambari 15/026, ilitangazwa tarehe 31 Desemba 2015. Humo ndimo tunamokatazwa kumwaga uchafu katika mito na maziwa, humo ndimo zilimo haki zetu na wajibu wetu juu ya maji. Siku 60 zimepita mara nyingi mno. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya Julai 2011 leo anabeba mizigo bandarini. Nawaomba wakubwa wa jimbo, wa mji na wa komini zetu: nionyesheni ukuta mmoja wa soko uliobandikwa sheria hizo kwa Kiswahili. Nionyesheni shule moja, kanisa moja, msikiti mmoja ambako ofisa alifika na nakala mkononi, akasoma, akaulizwa maswali, akajibu. Mkishanionyesha, nitanyamaza, na faini nitailipa mwenyewe.

Tazama mfereji ulio karibu na soko, asubuhi baada ya mvua. Chini umejaa mchanga mwekundu ulioteremka kutoka vilimani, umefika nusu ya ukuta. Juu ya mchanga kuna sache za maji ya kunywa, zile zinazong'atwa pembeni, mamia kwa mamia, zimegandamana. Kuna maganda ya mihogo, magunzi ya mahindi, magamba ya samaki, kandambili iliyokatika. Mbele ya kila duka kuna mbao nzito au bamba la zege lililolazwa juu ya mfereji ili mteja avuke, na chini ya bamba hilo ndipo takataka zinapokwama, maana hakuna mkono unaofika. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, vijana wanaingia na majembe, wanatoa tope kwa jasho la kweli, na kulimwaga ukingoni mwa mfereji ule ule. Gari la kulichukua halipo. Mvua inayofuata inalirudisha lote ndani. Vijana hao si wavivu wala si wakaidi. Walikosa mtu wa kuwaambia tope liwekwe wapi, na walikosa toroli.

Huo mchanga mwekundu nao una habari yake. Watu wa chini, wa kando ya ziwa, wanalaumiwa kwa mafuriko ambayo sehemu yake kubwa inatoka juu. Miti ya vilima imekatwa kwa ajili ya makaa, viwanja vimechimbwa kwenye miteremko, na kila nyumba mpya inaleta bati lake. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la meta 8 kwa 6. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu si ajabu, inamwaga kutoka paa hilo moja lita 2,400. Ni bidoni 120 za lita 20. Bidoni 120 kutoka nyumba moja, kwa mvua moja, zinazoteremka kwa pamoja na za jirani, na za jirani wa jirani, zikichimba udongo njiani, mpaka zimkute mama wa chini na sufuria zake. Na mama huyo huyo kesho yake anapanga foleni kwenye bomba, au anashuka ziwani na bidoni moja kichwani.

Nani amewahi kukaa na wenye nyumba za juu akawafanyia hesabu hii? Wangejua, wengi wangeweka mapipa chini ya paa, wangechimba shimo la kunywesha ardhi maji, wangepanda majani ya kushika udongo kwenye ukingo wa kiwanja. Hayo hayahitaji fedha za Benki ya Dunia. Yanahitaji mtu aje na fimbo ya kupimia, achore chini, aeleze kwa Kiswahili, arudi tena baada ya wiki mbili kuona. Hilo ndilo ninaloliita elimu. Mkutano wa saa moja katika ukumbi wenye viti vya plastiki, hotuba ya Kifaransa, picha ya pamoja na soda ya moto hauitwi elimu, hata ukiandikiwa ripoti ya kurasa 40.

Mfereji wa mvua hauna kisafishio mwishoni. Unamwaga katika mto Kalemie, katika Lubuye, au moja kwa moja katika Ziwa Tanganyika. Kinachoingia kwenye mfereji Jumatatu kinaweza kurudi nyumbani kwenye bidoni Jumanne. Pwani hii imeishi na kipindupindu tangu miaka ya 1970, na Kalemie pamoja na Uvira inajulikana na madaktari kama makao yake ya kudumu. Mwaka 2013 na 2014 Madaktari Wasio na Mipaka walikuja kuchanja watu hapa. Tuliwashukuru, na tulifanya vizuri kuwashukuru. Lakini chanjo haisafishi mfereji, na mzazi aliyempeleka mtoto wake kuchanjwa alistahili pia kuonyeshwa njia ambayo ugonjwa ule unapita: kutoka choo kilichofurika, kupitia mtaro ulio mbele ya nyumba, mpaka pale anapoteka maji.

Elimu pia ni kusema ukweli wote, hata ule unaowaondolea wananchi lawama. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, likapanda tena mwaka 2024 na kukaribia meta 777 juu ya usawa wa bahari, maji yaliingia majumbani na barabarani, na nilisikia watu wakiambiwa ni matokeo ya uchafu wao. Sache ya maji haipandishi ziwa lenye kilomita za mraba karibu 32,900. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, uliopo hapa hapa kwetu. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta umezibwa na matope na majani. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu meta 10. Tangu hapo limekuwa likipanda na kushuka kufuata mvua za nchi nne zinazolizunguka. Mtoto wa Kalemie anastahili kulijua hilo kabla ya kujua majina ya mito ya Ufaransa. Akijua, ataelewa kwamba kuna mafuriko mawili: yale ya ziwa, ambayo dawa yake ni kutojenga mahali ziwa linaporudi kudai, na yale ya mvua, ambayo dawa yake iko mikononi mwetu na mwa ofisi zetu. Kuyachanganya ni kuwafundisha watu kwamba hakuna wanachoweza kufanya. Mtu aliyekata tamaa hasafishi mtaro.

Najua jibu litakalokuja. Watasema: watu wanajua, hawajali tu. Hapana. Wanajua kwamba uchafu ni mbaya; hilo kila mtu analijua tangu utotoni. Hawajui kanuni. Muulize mwenye duka kama bamba lake la zege juu ya mfereji linaruhusiwa, na likiruhusiwa liwe na kipimo gani ili liweze kuinuliwa. Muulize fundi anayejenga karibu na Lubuye aache hatua ngapi kutoka ukingoni. Muulize mama wa ndagala amwage wapi maji ya kuoshea samaki. Watakujibu kwa kukisia, na anayewalipisha faini naye atakisia, na pale ambapo wote wanakisia, kiasi cha faini kinategemea sura ya mtu na woga wake.

Tena mji huu umepokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya Watwa na Waluba tangu 2016, watu wa Nyunzu, wa Manono, wa vijiji vya barabara ya Kabalo. Kule kijijini ganda la muhogo ukilitupa nyuma ya nyumba linaoza na kuwa mbolea. Hiyo ni akili, wala si uchafu. Wamefika mjini wakakuta plastiki, wakakuta nyumba zimebanana, wakakuta mtaro mmoja unaohudumia familia 50. Waligawiwa unga, wakagawiwa turubai. Mtu wa kuwakaribisha kwa kanuni za mji hakuja, halafu tunawaita wachafu.

Tumeshaona mwisho wa sheria isiyofundishwa. Tarehe 30 Desemba 2017 Waziri Mkuu Bruno Tshibala alitia saini dekreti nambari 17/018 ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sache za plastiki. Nchi nzima ilipewa miezi sita ya kujiandaa. Nenda leo sokoni ukanunue chumvi, uone utafungiwa katika nini. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, Watanzania nao waliipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Lakini kule tangazo lilifika kwa Kiswahili, tarehe ilirudiwa redioni mpaka watoto wakaijua, na mifuko mbadala ilikuwa sokoni. Ni ziwa moja, ni lugha moja. Tofauti iko katika kazi iliyofanywa kabla ya siku ya marufuku.

Na huko huko Tanzania kuna jambo lingine tunaloweza kulichukua bila kumlipa mtu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu madarasani, ukawaunganisha na wakaazi wa mitaa inayofurika, wakatembea pamoja wakichora kila mfereji: unaanzia wapi, una upana gani, umezibwa wapi, maji yalifika kimo gani. Mtu aliyeshika kamba kupima mtaro wa mtaani kwake hahitaji tena kuhubiriwa. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Kalemie. Tuna vijana wenye simu. Tuna wakubwa wa avenyu wanaojua kila nyumba. Radio Okapi na redio zetu za hapa zinasema Kiswahili kila siku ya Mungu. Kinachokosekana ni uamuzi wa mkubwa mmoja.

Lakini nisieleweke vibaya: elimu isiyo na jalala ni matusi. Sheria ya 2008 juu ya mamlaka za mitaa imeweka barabara na mifereji mikononi mwa mji na komini. Mkimfundisha mama asitupe takataka mtaroni, mwonyesheni siku hiyo hiyo pa kuzitupa, na gari lije kuzichukua siku mliyosema. Lisipokuja mara mbili, somo lote limekufa, na wa kulaumiwa si mama. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyatetea. Wajibu wetu tunaukubali. Na ninyi ukubalini wenu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, kijiji cha Kasaba, Fizi, kando ya ziwa hili hili, kilisombwa na maji na mawe watu wakiwa wamelala. Waliokufa walizidi 100. Sisemi kwamba bango la Kiswahili lingewaokoa wote. Nasema kwamba mtu anayelala katika njia ya maji ana haki ya kuambiwa kwamba amelala katika njia ya maji, na kuambiwa kiangazi, wakati bado anaweza kuhama na vitu vyake.

Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi. Kabla ya hapo kila burugumesta wa mji huu aende sokoni siku ya watu wengi, asimame bila kipaza sauti cha gari, aisome kanuni ya mifereji kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, aibandike, na akae kwenye kiti mpaka maswali yaishe. Swali la kwanza nalijua, kwa sababu kila mama sokoni analo mdomoni: takataka tuzipeleke wapi? Asiondoke hapo bila kulijibu. Na mpaka atakapolijibu, vitabu vya risiti vibaki ofisini.