Jamani, Mayfield Haikuwepo!

Kuna kitu kinanikera, na leo nakitoa. Kila klipu ya zamani ya Leave It to Beaver inapozunguka kwenye simu zetu (mama kavaa lulu jikoni, baba na tai yake, watoto wawili mezani wametulia), hawakosekani vijana wenzangu, tena wasomi wa Dar na Nairobi, wa kuandika kwamba hizo ndizo zilikuwa familia na kwamba sisi tumepotea njia. Wengine wanafika mbali zaidi, wanaanza kuwalaumu mama zao.

Kwa wasioijua, ni tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani iliyoanza CBS tarehe 4 Oktoba 1957, ikahamia ABC, ikaisha 1963 baada ya sehemu 234. Beaver Cleaver, aliyeigizwa na Jerry Mathers, anaishi na kaka yake Wally na wazazi wao Ward na June katika mji unaoitwa Mayfield. Mji huo uko jimbo gani? Hakuna anayesema. Ulijengwa studio.

Niseme wazi, mimi naipenda. Joe Connelly na Bob Mosher, walioibuni, walikuwa na watoto wao na wakichota visa na maneno kutoka nyumbani, na inaonekana. Mtoto pale hafikiri kama mtu mzima mfupi. Wally na Beaver wanaagiza mamba mdogo kwa posta na kumficha kwenye tangi la maji la choo. (Wakaguzi wa televisheni waliogopa choo kuliko mamba! Ikakubaliwa lionekane tangi tu.) Katika sehemu ya mwaka 1961 Beaver anapanda bango la matangazo kuona kama kikombe kikubwa kinachofuka moshi kina supu ya kweli, anatumbukia humo humo. Nani kati yetu hakuwahi kupanda kitu kwa sababu wenzake walimbishia? Hata mambo mazito yamo. Mwaka 1960 waligusa ulevi, mwaka huo huo wakagusa watoto wa wazazi walioachana. Ward mwenyewe anataja kwamba baba yake alikuwa akimchapa, naye anajaribu kuzungumza na wanawe badala ya kushika mkanda. Kwa mwaka 1957 hilo si jambo dogo, na wale wanaotuambia wazee wa zamani walilea kwa fimbo wangelitazama vizuri.

Sasa tuje kwenye lulu. Barbara Billingsley, aliyeigiza June, alieleza mwenyewe kwamba alivaa mkufu ule kuficha shimo shingoni lililoleta kivuli kwenye kamera. Na mchuchumio? Wavulana walikuwa wanarefuka, asionekane mfupi kuliko wanawe. Basi. Kile ambacho leo mtu anamtolea dada yake kama kipimo cha mke mwema kilikuwa suluhisho la tatizo la taa.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni mtaa wenyewe. Vitongoji vile vya nyasi zilizokatwa na gari mlangoni havikuota kama uyoga. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba kwa mamilioni ya watu, na mamlaka yake ya nyumba, iliyoundwa 1934, ilikataa kudhamini kwenye mitaa ya Weusi. William Levitt, mjenzi maarufu kuliko wote wa vitongoji hivyo, aliwauzia Wazungu tu. Agosti 1957 William na Daisy Myers, Wamarekani Weusi wenye watoto wadogo, walihamia Levittown ya Pennsylvania kwa kununua nyumba kutoka kwa mtu binafsi. Myers alikuwa mwanajeshi wa zamani. Umati ukakusanyika nje usiku baada ya usiku, mawe yakavunja dirisha. Haikupita hata miezi miwili, Beaver akaingia hewani.

Katika zile sehemu 234, mwigizaji mweusi ninayemfahamu ni Kim Hamilton, mwaka 1963, akiwa mtumishi wa ndani. Na Connelly na Mosher, kabla ya hapo, walikuwa waandishi wa Amos 'n' Andy, kipindi ambacho redioni Wazungu walijifanya Weusi ili watu wacheke. Walijua Weusi wapo. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilikuja 1968, Beaver akiwa ameshatoka hewani miaka mitano. Kwa hiyo kijana Mwafrika anapoitamani Mayfield, namuuliza tu: wewe ungepita mlango gani, wa mbele au wa nyuma?

Ndiyo maana mimi niko upande wa The Wonder Years. Hii ilianza ABC Januari 1988, ikaisha 1993, lakini hadithi inaanzia 1968. Kitongoji ni kile kile, nyasi zile zile, ila anayesimulia ni Kevin Arnold akiwa mtu mzima anayejua kilichokuja baadaye. Sehemu ya kwanza tu, kaka wa Winnie, binti wa jirani, anauawa Vietnam. Hakuna kicheko cha kurekodiwa cha kukuonyesha ucheke wapi.

Na kuna baba. Jack Arnold anarudi jioni kanuna, haongei, familia nzima inanyamaza kusoma uso wake. Hilo tunalijua wengi, si lazima uwe umekulia Marekani. Siku moja Kevin anakwenda naye kazini. Anagundua baba aliwahi kutamani kuwa nahodha wa meli, anayesoma njia kwa nyota. Halafu anamshuhudia akigombezwa na bosi wake kama mtoto. Usiku wanaangalia nyota pamoja. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna hotuba. Ward Cleaver na busara zake zote hajawahi kunigusa hivyo, kwa sababu sikuwahi kuona alichokuwa anakipata huko kazini.

Mwaka 2021 waliirudia The Wonder Years kwa familia ya Weusi wa tabaka la kati, Montgomery, Alabama, miaka ile ile ya mwisho wa sitini, Don Cheadle akisimulia. Ilidumu misimu miwili tu, hadi 2023. Wengi walioitamani Mayfield hata hawakusikia kama ipo.

Wikiendi hii, kama unataka kucheka, tafuta Beaver na supu yake. Kisha tafuta ile ya ofisi ya baba. Kama mzee wako yuko hai na yuko karibu, muite akae, umuulize yeye alitaka kuwa nani.