Usiulize alikula kwa nani

Huku Ngungu, kama kote Masisi hadi Goma na Bukavu, mtu akiumwa tumbo wiki kadhaa mfululizo, akakonda na kukataa chakula, familia haimuulizi panapouma. Inamuuliza alikula wapi, kwa nani, na ni mkono wa nani uliompa chupa. Jibu halikawii: ni karuho, kalishwa sumu. Kuanzia hapo ugonjwa umepata jina, adui amepata sura, na mgonjwa anapitishwa mbele ya kituo cha afya akienda kwa mganga anayetapisha.

Imani hii inaua watu wetu, nami sitaizungukia kwa maneno ya heshima. Inawachelewesha wagonjwa mpaka saa ya kupona inapita.

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba sumu ipo. Ndiyo, ipo. Dawa ya wadudu tunayonyunyizia viazi na nyanya inaua mtu, na wapo walioinywa kwa hasira au kwa kunyweshwa. Lakini mtu wa namna hiyo hutambulika upesi: anatokwa na jasho na mate, anatapika, anaharisha, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinajaa, na yote hayo ndani ya dakika au saa chache. Anahitaji atropini hospitalini siku ileile. Hiyo si karuho inayosimuliwa vijijini. Karuho ya vijijini ni ile inayomla mtu msimu mzima, huku wenzake waliochota naye sahani moja wakiwa wazima na wanalima. Hiyo ndiyo ninayoikataa, kwa sababu ukiifuatilia hadi mwisho, karibu kila mara unakuta ugonjwa wenye jina, na mara nyingi wenye dawa.

Tuanze na ule unaosingiziwa karuho kuliko yote. Maumivu ya kuunguza chini ya kidari, yanayomwamsha mtu usiku akiwa na njaa, yanatulia akila ugali, yanarudi, yanapotea mwezi mzima, yanarudi tena. Kisha siku moja anatapika damu nyeusi kama masalia ya kahawa. Nyumba nzima inapiga kelele: sumu imefika kwenye moyo! Kumbe ni kidonda cha mfuko wa chakula kilichovuja damu. Mwaka 1984, kule Perth, Australia, daktari Barry Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha bakteria aitwaye Helicobacter pylori ili aone kitakachompata. Baada ya siku chache alikuwa akitapika, na kipimo kilionyesha mfuko wake wa chakula umewaka. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kuuthibitishia ulimwengu kwamba vidonda hivyo kwa sehemu kubwa huletwa na kijidudu. Kijidudu hicho mtu hukipata utotoni, nyumbani mwake, hasa penye msongamano na maji haba. Na ni nani asiyejua jinsi watu wa Masisi walivyobanana kambini miaka hii yote? Tiba yake ni vidonge vya siku kama kumi na nne: viuavijasumu viwili pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Anayemeza diklofenaki na ibuprofeni za sokoni kila mgongo unapomuuma baada ya kulima naye anajichimbia kidonda kilekile kwa mkono wake, bila jirani yeyote kuhusika.

Wengine wanaokonda kwa «karuho» wana kifua kikuu kilichoshuka tumboni. Wengine wana UKIMWI ambao hawajaupima, au ini lililoharibiwa na homa ya ini aina ya B hadi tumbo likajaa maji. Na wapo wenye saratani ya mfuko wa chakula, ambayo nyanda zetu hizi za juu za Maziwa Makuu zinajulikana nayo kwa madaktari tangu zamani. Huyu wa mwisho pengine asingepona hata angewahi, lakini angalau asingekufa akimlaani shemeji yake.

Hayo ni maumivu ya polepole. Yale ya ghafla ndiyo yanayonikosesha usingizi, maana hapo kuchelewa kunahesabiwa kwa saa. Zachary Cope, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alitoa mwaka 1921 kitabu juu ya tumbo linalouma ghafla, na madaktari wanakitumia hadi leo. Fundisho lake moja lingefaa kujulikana katika kila boma la Masisi: mtu aliyekuwa mzima, akishikwa na maumivu makali ya tumbo yasiyomwachia kwa muda wa saa sita, afikiriwe kuwa ni wa kupasuliwa mpaka ionekane vingine. Mganga wa kutapisha hutumia saa hizo sita kutafuta mizizi.

Kinachofanyika kwake wengi wetu tumekiona. Beseni, maji ya majani machungu, mgonjwa anakunywa hadi anatapika nyongo, na kama hatapiki anaingiziwa dawa kwa njia ya haja kubwa. Mwishoni anaonyeshwa kipande cha nyama au nywele ndani ya beseni: sumu yako hii. Familia inalipa. Na kwa kuwa maumivu ya vidonda yana tabia ya kutulia yenyewe, wapo wanaorudi wakisema wamepona, na ushuhuda wao unawaita wengine. Lakini mfanyie hivyo mtu ambaye utumbo wake umeziba au umetoboka, na umemmalizia. Kati ya mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005, Kinshasa ilipigwa na homa ya matumbo: wagonjwa zaidi ya 42,000, na karibu 700 kati yao utumbo ulitoboka au tumbo likajaa usaha. Waliotobolewa utumbo na homa ile hawakuwa na adui mezani. Walikunywa maji machafu.

Muuguzi mzuri hahitaji mashine ili aanze kazi. Anamlaza mgonjwa chali, anamwambia akunje magoti, anapasha viganja vyake joto, kisha anaanza kugusa mbali na panapouma, macho yake yakiwa usoni mwa mgonjwa, kwa sababu uso hukunjamana kabla mdomo haujasema. Anauliza yalianza ghafla au polepole, yalianzia wapi na sasa yako wapi, yanakuja na kuondoka au hayaachi, alitapika kabla ya kuumwa au baada, choo na hewa vinatoka? Maumivu yaliyoanzia kitovuni jana na leo yamehamia chini kulia, mtu asitake hata kukohoa, ni kidole tumbo. Tumbo limekuwa gumu, mgonjwa hataki kujigeuza: kuna kitu kimetoboka. Tumbo limevimba, hewa haitoki, matapishi ni ya kijani: njia imeziba, ama kwa utumbo uliojisokota, ama kwa fundo la minyoo kwa mtoto, ama kwa ngiri iliyobanwa. Ngiri hiyo huwezi kuiona mpaka nguo ishushwe hadi kinenani, na nimeona heshima ikizuia jambo hilo dogo.

Kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, swali la hedhi ya mwisho lisirukwe kwa aibu, hata kama mama mkwe amesimama mlangoni. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, damu humwagika ndani na nje huenda usione kitu. Anaumwa chini ya tumbo, anaona kizunguzungu, pengine analalamikia bega. Kipimo cha mkojo kinatoa jibu kwa dakika chache. Mama huyu akipelekwa kutapishwa, atarudishwa maiti, na mke mwenzake ataulizwa alimpikia nini.

Hapo ndipo karuho inapotoka kwenye mwili wa mtu mmoja na kuingia kijijini. Tunaijua desturi: mwenye pombe ya kasiksi hunywa kwanza mbele ya mgeni, na bia hufunguliwa machoni pa mnywaji. Ni adabu, siipingi. Lakini adabu hiyo imebeba shaka, na shaka huangukia wasio na mtetezi: mjane, mke wa pili, mkimbizi wa ndani aliyepewa kona ya kulala, jirani wa kabila lingine. Wapo waliofukuzwa, wapo waliopigwa, wapo waliochomwa moto kwa ajili ya kidonda cha mfuko wa chakula. Nchi hii imejua tangu mauaji ya Ntoto, Walikale, Machi 1993, shaka kati ya majirani inaweza kufika wapi. Hatuna ruhusa ya kuiongezea kuni.

Wauguzi nao wasijione wametoka salama katika makala hii. Vituo vingi vina karuho yao: kila tumbo ni «tifoide» kwa kipimo cha Widal kilichochukuliwa mara moja, au ni «gastrite» kabla mgonjwa hajalala kitandani. Kipimo hicho, cha tangu 1896, humpata na kosa hata mtu asiye na homa ya matumbo. Mgonjwa anayetundikiwa maji ya mshipani siku tano bila mkono wowote kugusa tumbo lake ana haki ya kukata tamaa na kwenda kwa mganga. Tukitaka watu waache karuho, kituo kiwape kitu bora kuliko jina lingine la haraka.

Mtaniambia pesa hazipo na njia ni mbaya. Ni kweli. Kushuka kutoka Ngungu hadi ziwani wakati wa mvua ni mateso, na vita vimeifunga njia hiyo mara nyingi. Lakini mganga naye halipwi bure: analipwa mbuzi, na mbuzi huyo angelipa pikipiki. Kirotshe ina hospitali kuu, Masisi ina nyingine ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakisaidia tangu 2007, na Goma wako wanaochungulia mfuko wa chakula kwa kamera.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji waache kutaja karuho kwenye madhabahu, nawaomba machifu wakatae mashtaka ya sumu yasiyo na karatasi ya daktari, na nawaomba ninyi mlio nyumbani: mgonjwa wa tumbo akitapika kijani au damu, akikosa choo na hewa, tumbo likiwa gumu, au mwanamke akizimia, msimpe kitu cha kutapisha wala cha kunywa. Mwiteni muuguzi amshike tumbo, na akisema aende, mtafutieni pikipiki au kipoyi cha kumbebea usiku huohuo.