Fahali Wapiganapo, Mnunuzi Asiwe Nyasi

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa wenye viwanda vya simu janja wamekuwa wakipelekana mahakamani, na vita vyao havijakoma. Vinapiganwa San Jose, Mannheim, London na Delhi, mbali sana na Kitanga katika nyanda za juu za Kasulu, na mbali vilevile na Kojani huko Pemba. Lakini sehemu ya gharama za vita hivyo hulipwa na mkulima wa Kitanga auzaye maharage ili apate simu, na mvuvi wa Kojani aitumiaye simu hiyo kuuliza bei ya samaki kabla hajatia nanga. Kwa sababu hiyo jambo hili si la wanasheria wa ughaibuni peke yao. Ni letu pia.

Kiini cha ugomvi ni hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi na dola ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila idhini, kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka 20. Baada ya hapo uvumbuzi huwa mali ya wote. Hayo ni mapatano ya haki: mvumbuzi hueleza siri yake hadharani, na jamii humlinda kwa muda ili apate ujira wa jasho lake. Hatuna ugomvi na mapatano hayo. Mtu atumiaye miaka na fedha kutafuta njia mpya ya kupitisha sauti hewani hastahili kunyang'anywa matunda yake na mwigaji.

Tatizo ni kwamba simu moja hubeba maelfu ya hataza za wenyewe mbalimbali, na ngao iliyokusudiwa kumkinga mvumbuzi imegeuzwa kuwa mkuki wa kumchomea mshindani. Kampuni ya Apple iliishitaki Samsung mwaka 2011. Mwezi Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama huko San Jose liliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ikarudi chini, na mwaka 2018 kiasi kikawa dola milioni 539. Mwezi mmoja baadaye mahasimu wakapatana nje ya mahakama. Ilikuwa miaka saba ya fedha na akili ambazo zingeweza kutumika katika maabara.

Ujerumani nako, kesi za Nokia dhidi ya Oppo ziliifanya Oppo iache kuuza simu zake nchini humo mwaka 2022, hadi walipoafikiana Januari 2024. Mnunuzi wa Kijerumani hakuwa na kesi na yeyote, lakini ni yeye aliyepunguziwa uchaguzi dukani.

Tuje karibu na kwetu. Simu za Tecno, itel na Infinix, ambazo zimejaa Kariakoo, Darajani na katika maduka ya Kasulu na Kibondo, zinatoka kwa kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Julai 2024 kampuni ya Marekani ya Qualcomm iliishitaki Transsion mjini Delhi kwa madai ya kutumia hataza zake bila kulipa ipasavyo. Transsion ilijibu kwa hoja inayotuhusu sana: kwamba uchumi wa nchi hautofautiani kidogo, na kwamba wenye hataza hawana idadi sawa ya hataza katika kila nchi.

Transsion si mtetezi wa maskini. Ni mfanyabiashara anayetafuta faida yake, na kama ametumia kazi ya mwenzake hana budi kulipa. Lakini hoja yenyewe ni nzito. Hataza haina mabawa. Huishia mpakani mwa nchi iliyoitoa. Uvumbuzi usiosajiliwa Tanzania hauna mwenyewe kisheria Tanzania. Iweje basi mnunuzi wa hapa atozwe ada sawa na ya mnunuzi wa nchi ambako hataza hizo zimesajiliwa kwa maelfu? Agosti 2020, katika kesi ya Unwired Planet na Huawei, Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilithibitisha kwamba jaji wa London aweza kupanga ada ya dunia nzima. Lakini jaji aliyepanga ada hiyo mwaka 2017 alikuwa ameweka kiwango cha chini kwa China na masoko mengine kuliko kile cha masoko makubwa. Kwa hiyo kutofautisha viwango kwa mujibu wa nchi si ombi la sadaka. Ni jambo lililokwisha kukubaliwa mahakamani.

Hesabu yake ni nyepesi. Nokia ilitangaza mwaka 2018 kwamba ada yake kwa simu ya kizazi cha tano haitazidi yuro 3. Ada hiyo ikitozwa kamili kwenye simu ya yuro 1,000, ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja ya bei. Ikitozwa kwenye simu ya yuro 100, ni asilimia 3. Na huyo ni mdai mmoja tu. Wapo wengine, na kila mmoja ana mkono wake uliokunjuliwa. Aliye na kidogo hubeba mzigo mzito kuliko aliye na kingi. Huduma ya kizazi cha tano iliingia nchini mwaka 2022, na kadiri itakavyoenea hadi vijijini, ndivyo hesabu hiyo itakavyozidi kuwagusa watu wa Kitanga na wa visiwani.

Wapo watakaosema kwamba bila ulinzi mkali hakuna atakayebuni kitu. Historia ya Afrika Mashariki yatoa jibu tofauti. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Kampuni nyingine zilifuata kwa huduma za namna hiyohiyo, na hazikufungiwa njia. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni za Tanzania zilikubaliana mteja wa mtandao mmoja aweze kumtumia fedha mteja wa mwingine. Ushindani huo ndio ulioifikisha huduma ya fedha mahali ambapo benki hazijapata kujenga tawi. Aliyeanza hakufilisika kwa kuwa wengine walifuata.

Twakumbusha pia yaliyotokea Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia. Nia ilikuwa njema, na suala lile lilikuwa la bandia, si la hataza. Lakini funzo ni moja. Aliyeamka na simu isiyofanya kazi mkononi ni mnunuzi, aliyekwisha kulipa fedha zake kwa nia safi. Sheria ikija kuamua kwamba simu fulani inakiuka hataza, na aulizwe mtengenezaji na mwingizaji, si bibi kizee ambaye mtoto wake amemnunulia simu apate kusikia sauti yake.

Wakuu wa Serikali zetu mbili wanayo ya kufanya. Hataza si jambo la Muungano. Bara husajiliwa BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1987. Zanzibar husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, chini ya sheria ya mwaka 2008. Kijana wa Unguja mwenye hati ya Zanzibar pekee hana kinga Kigoma, na wa Kigoma mwenye hati ya Bara pekee hana kinga Unguja. Vijana wanaotoa mawazo yao katika mashindano ya ubunifu yaliyoanzishwa mwaka 2019 wafahamishwe hivyo mapema, na ofisi hizo mbili zishikane mikono ili mtu mnyonge asilipe na kuhangaika mara mbili. Aidha, ofisi zote mbili ziweke wazi orodha ya hataza za simu zilizo hai nchini, ili mwingizaji ajue anachodaiwa kwa haki na asichodaiwa.

Tume zinazosimamia ushindani, ya Bara na ya Zanzibar, zichunguze ada zinazoingizwa katika bei za simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iseme kwa sauti moja kwamba ada ifuate hataza zilizosajiliwa na uwezo wa nchi. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki umezipa nchi maskini zaidi, ikiwemo Tanzania, muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kuubeba mzigo wake wote. Muda huo si wa kulala. Ni wa kupanga sheria zitakazomlinda mvumbuzi wetu bila kumkamua mnunuzi wetu.

Fahali wa viwanda wataendelea kupigana, na hatuna uwezo wa kuwaamua. Lakini kujenga ua wa kuzikinga nyasi zetu ni kazi iliyo mikononi mwetu, na yafaa ianze sasa.