Levántate: amri moja, masikio matatu

Kila mwanafunzi wa Kihispania hukutana mapema na neno levántate na ndugu zake: siéntate, lávate, prepárate, cállate. Hizi ni amri yakinishi za vitenzi vya kujitendea, vile ambavyo mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Maoni yangu, kama mwanafunzi anayesoma lugha hiyo, ni haya: tunafundishwa amri hizi kwa kupitia Kifaransa peke yake, na njia hiyo inatufikisha nusu ya safari.

Nianze kwa kukipa Kifaransa haki yake. Anayejua kusema lève-toi na ne te lève pas ameshaelewa jambo kubwa: katika amri yakinishi kiwakilishi hufuata kitenzi, katika amri kanushi hutangulia. Kihispania hufanya vivyo hivyo: levántate, lakini no te levantes. Tofauti ni kwamba Kihispania hukigandisha kiwakilishi na kitenzi kuwa neno moja, bila kistari. Mwalimu anayeanzia hapo hakosei. Shida inakuja anapoishia hapo.

Tusikilize mkazo. Levanta hutamkwa kwa mkazo kwenye van. Ukiongeza te, mkazo haubanduki, unabaki palepale kwenye van, ambayo sasa ni silabi ya tatu kutoka mwisho. Ndiyo maana Wahispania huandika alama: levántate. Sasa tazama Kiswahili. Tunasema keti, mkazo uko kwenye ke. Tukiongeza -ni, tunapata ketini, na mkazo umehamia kwenye ti. Kwetu mkazo hufuata silabi ya pili kutoka mwisho kama mbwa anavyomfuata mwindaji. Kwa hiyo ulimi wa mtu aliyekulia Lubumbashi au Bukavu, ukiachwa ujiendee, utasema levantáte. Mfaransa naye ana shida yake, maana amezoea kuweka mkazo mwishoni. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake kitamwonya juu ya kosa lake, hakitatuonya juu ya letu.

Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tunaichukulia alama ya mkazo kama pambo la tahajia, kitu cha kukatiwa nusu alama kwenye mtihani. Si pambo. Nchini Argentina watu humwita rafiki vos badala ya tú, na amri yao ni levantate, bila alama, mkazo ukiwa kwenye ta. Anayeacha alama hiyo ameandika neno sahihi la Buenos Aires ndani ya sentensi ya Madrid. Na sikio letu la Kiswahili, bila kujua, linaegemea upande wa Buenos Aires. Kwa nini jambo la kuvutia hivi lisielezwe darasani?

Jambo la pili ni heshima. Kifaransa kinatosheka na asseyez-vous kwa mzee mmoja, kwa wazee kumi na kwa watoto kumi. Kihispania hakikubali fungu hilo moja. Mzee mmoja huambiwa siéntese. Kundi la watu wa kuheshimiwa, siéntense. Kundi la marafiki nchini Hispania, sentaos, ambapo ile d ya sentad imedondoka. Huko Amerika ya Kihispania, kundi lolote huambiwa siéntense. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka asseyez-vous hana njia ya kujua achague lipi, kwa sababu swali lenyewe halimo katika Kifaransa. Swali ni: unamwambia nani, na ni wangapi?

Hapa Kiswahili kinaweza kutubeba. Sisi pia tunatenganisha mmoja na wengi: simama, simameni. Tena tunajua kulainisha amri kwa kuigeuza kuwa ombi: simama inakuwa usimame, a ya mwisho ikigeuka e. Levanta inapogeuka levante, hadi tukapata levántese, Kihispania kinatumia mbinu ileile: badala ya kuamuru, kinaeleza kinachotakiwa. Ni kweli kwamba vitenzi vya -er na -ir huenda kinyume, kama vístete inavyogeuka vístase, lakini wazo ni lilelile. Mtoto aliyefundishwa kumwambia babu yake ukae, baba, hahitaji Paris imfafanulie usted.

Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake, na haki itendeke pande zote. Kiambishi chetu ji- hakibadiliki: jitayarishe, jitayarisheni, tujitayarishe. Kihispania hubadilisha kila mara: prepárate, prepárense, preparémonos, hii ya mwisho ikiwa imepoteza s ya preparemos. Zaidi ya hayo, vitenzi vingi vinavyodai te katika Kihispania havina ji- kwetu. Tunasema nawa, vaa, lala, nyamaza, ondoka. Anayengoja kusikia ji- ndipo aongeze te ataacha kuiongeza mahali inapohitajika.

Kwa hiyo siombi Kifaransa kitolewe darasani. Naomba mambo matatu. Kwanza, amri hizi zifundishwe kwa sauti kabla ya jedwali, mwanafunzi akipiga kofi kwenye silabi yenye mkazo. Pili, kila zoezi litaje anayeambiwa: mtoto, mzee, kundi, na ni kundi la wapi. Tatu, pembeni ya safu ya Kifaransa iwepo safu ya Kiswahili, yenye yanayofanana na yanayotofautiana.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kitivo cha lugha kingekuwa mahali pa kwanza pa kuonyesha kwamba lugha ya taifa inaweza kufafanua sarufi ya lugha nyingine, na wenzetu wanaozungumza zile tatu wangeongeza safu zao. Mzee wa Malabo, mji wa Guinea ya Ikweta ambako Kihispania ni lugha rasmi, hatatuuliza kiwakilishi kinakaa wapi. Atasikia tu kama tumemheshimu au la.