Bei ya barabara yetu tuliisikia kutoka Kampala

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Miundombinu na Kazi za Umma, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kibati, kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayopanda kwenda Rutshuru, Butembo na Beni. Chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba makala, na malori ya Fuso ya maharagwe hupita hapa. Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilipoikata, Goma ilijua mara moja chakula chake kinatoka wapi.

Tarehe 16 Juni mwaka huohuo, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua mpakani Kasindi mradi wa barabara wa kilomita 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89, yaani sisi. Kazi ilipewa Dott Services ya Uganda. Bei iliyotajwa ni dola milioni 334.5, na sisi huku tuliisikia kutoka Kampala, ambako wabunge walikuwa wakijadili kama nchi yao ilipe sehemu yake, asilimia 20. Jirani anayechangia aliulizwa maswali hadharani na watu wake. Sisi tutakaoitumia barabara tukawa wasikilizaji wa redio.

Ukigawa hesabu hiyo unapata dola milioni 1.5 kwa kilomita, kamili, bila hata dola moja kubaki. Ni hesabu nyepesi mno. Kasindi si Kibati: huku mawe meusi ya volkano yako chini ya miguu yetu, kazi ni kuyaponda tu, wakati kwingine lazima yabebwe. Wastani hauwezi kutuambia kama mawe yetu tumeuziwa wenyewe. Na asilimia 80 zilizobaki zinalipwa na nani? Kama ni kwa peaji, yaani ada ya kupita, kizuizi kitasimama miaka mingapi, na juu ya ada ya mafuta ya FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara ulioundwa 2008?

Najua jibu lililo karibu: vita. Kweli, Bunagana ilichukuliwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, na Goma Januari 2025. Lakini vita inazuia katapila, haizuii karatasi zilizo katika kabati za Kinshasa. Tena ndiyo sababu ya kuuliza sasa: kwa kilomita 89 za upande wetu, ni pesa ngapi zilitoka kabla ya Bunagana kuanguka, na zililipia nini?

Amri ya 20 Mei 2011 inaitaka serikali yetu ichapishe mikataba ya maliasili ndani ya siku 60. Kama mkataba wa shimo la shaba unasomwa na raia, wa barabara unafichiwa nini? Wakenya walidai kwa miaka mikataba ya reli ya Mombasa–Nairobi. Sehemu yake ilitolewa Novemba 2022, reli ikiwa imeshatumika miaka mitano. Kuchelewa hivyo ni hasara, maana deni lilikuwa limekwisha kusainiwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, chapisha mkataba wote pamoja na viambatisho vyake, bei ya kila kipande peke yake, na orodha ya malipo yaliyofanyika pamoja na tarehe zake. Kisha agiza hayo yote yasomwe redioni kwa Kiswahili, kwa saa ambayo madereva na wakulima wa huku wanasikiliza. Tunasubiri.

Mkaaji wa Kibati