Ubora wa kitimoto huanzia kabla ya kisu

Mchuuzi wa kitimoto wa Pasua, mjini Moshi, humnunua nguruwe kwa kumkadiria kwa macho, kisha hutegemea mizani ya bucha imrudishie fedha zake. Wakati mwingine mizani humwangusha. Nyama iliyochinjwa asubuhi hukutwa mchana imepauka, imelegea na inachuruzika maji. Kilo 10 zikipoteza asilimia 5 kwa njia hiyo, nusu kilo imekwenda bila kuuzwa.

Wapo nguruwe wanaorithi kasoro hiyo, lakini mara nyingi chanzo ni purukushani. Nguruwe akifungwa miguu, akashushwa kwa pikipiki juani kutoka Kibosho au Uru na kuchinjwa papo hapo, misuli yake hutengeneza asidi haraka nyama ikiwa bado ya moto. Kwa kawaida pH ya nyama, ambayo hushuka kadiri asidi inavyozidi, hutoka 7 hadi karibu 5.6 taratibu ndani ya saa 24. Ikiwa chini ya 6 dakika 45 tu baada ya kuchinja, hasara imeshaingia.

Ujerumani kasoro hiyo hupimwa pia kwa umeme. Sindano mbili za kifaa kidogo huchomwa kwenye mnofu wa mgongo. Utando wa seli ukiwa mzima, umeme hupita kwa shida. Ukiharibika, maji huvuja na umeme hupita kirahisi. Namba kubwa ni dalili ya nyama ya maji. Hata hivyo, nyama nyeusi na kavu ya nguruwe aliyechoka kwa muda mrefu, ambayo huoza upesi, hutoa namba ndogo kama nyama nzuri.

Mhuri wa mkaguzi huonyesha kuwa nyama ni salama, si kwamba haitachuruzika. Matokeo yake, mfugaji anayemtunza mnyama na yule anayemtesa hulipwa bei moja. Hapo ndipo Bodi ya Nyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na halmashauri zinapopaswa kusaidia: kipimo kimoja machinjioni kingempa mfugaji makini hoja ya kudai bei nzuri.

Lakini kipimo hutangaza tu hasara iliyokwisha kutokea. Kinga yake haihitaji mkopo: nguruwe asafirishwe wakati wa baridi, asipigwe, apewe maji na apumzike saa 2 au 3 kabla ya kuchinjwa. Wenye bucha nao wamlipe zaidi anayefanya hivyo, kwani nusu kilo inayookolewa ni yao.