KIJANA NA CHAKULA: NANI ANATUCHAGULIA?



Ndugu zetu wanafunzi, sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetupa ardhi yenye kuzaa. Hapa Kaoze na kule juu Ufipa tunavuna mahindi, maharage, ulezi na karanga, na Ziwa Rukwa linatupa samaki. Pamoja na neema hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30 katika kila 100. Ghala limejaa, mtoto amedumaa. Kwa nini?

Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni uchaguzi wa chakula, nao huanza ujanani. Kwanza ni marafiki. Kijana akija na kande anaitwa mshamba. Akinunua soda na biskuti anaonekana mjanja. Hapo tumbo halikuchagua, yamechagua macho ya wenzake. Pili ni matangazo. Soda inasifiwa redioni na kwenye kuta za maduka, lakini nani amewahi kusikia tangazo la mchicha? Tatu ni nyumbani, ambako maharage huuzwa yote na ugali ukabaki hauna kitoweo cha maana.

Kwa dada zetu jambo hili ni zito zaidi. Msichana aliyebaleghe hupoteza damu kila mwezi, hivyo anahitaji chakula chenye madini ya chuma kama maharage, mboga za majani, samaki na nyama. Yeye ndiye mama wa kesho, na kudumaa huweza kuanzia tumboni mwa mama.

Wapo watakaosema, mbona soda na biskuti ni halali? Ni kweli. Lakini Suratul Baqara, aya ya 168, inatutaka tuangalie mawili: uhalali na uzuri wa chakula. Tena Mtume (S.A.W.) hakuwa na desturi ya kukitia dosari chakula. Basi anayemcheka mwenzake kwa sababu ya kande, anafuata sunna ya nani?

Nasaha yetu ni hii: tuje na karanga na viazi vyetu bila haya, tule pamoja, na asichekwe mtu. Wazazi wetu nao, tunawaomba kwa heshima watenge maharage ya nyumbani kabla ya kupeleka gunia sokoni.

Allah atujaalie afya njema na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.